Mguu Uliotoka Tumboni mwa Mamba

Phelister hupasua vichwa vya mputa, yaani sangara, kwa panga sokoni Nakawa, na mteja akibishania bei mara ya pili, kichwa kinachofuata hupasuliwa karibu sana na vidole vya mteja huyo. Meza yangu iko jirani na yake. Nampenda, ila kwa mbali kidogo.

Mumewe, Ondiek, alinyakuliwa na mamba huko Namayingo, kando ya ziwa, akipita kwenye maji ya magoti kuifuata mashua ya samaki. Ilibaki kofia tu. Kwao Yimbo, upande wa Kenya, Wajaluo wana desturi: mwili usipopatikana, huzikwa tunda la yago badala yake, lile refu na zito kama mchi, likawekwa kwenye jeneza na kuliliwa kama mtu. Phelister alilitazama likishushwa kaburini na chozi halikumtoka. Shemeji yake Obonyo akamzaba kofi mbele ya waombolezaji ili alie. Akarudishiwa mawili. Tangu siku ile mwanamke huyu alitaka kitu kimoja tu, kumzika mumewe.

Whitney, binti wa dada yake, anasoma chuo kikuu kimoja hapa mjini. Mwaka huu wahitimu wa elimu ya wanyamapori walikiachia chuo zawadi ya darasa lao: mamba wa ajabu kwa ukubwa, aliyenaswa Namayingo baada ya kula watu, akakaushwa na kujazwa pamba, kinywa wazi. Kando yake waliweka kisanduku cha kioo chenye vitu vilivyokutwa tumboni: mawe, pembe ya mbuzi, na mfupa wa mguu wenye bamba la chuma. Wasomi wazima wameona mfupa wa binadamu, wakaubandikia karatasi yenye namba! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Whitney alituma picha kwa simu, akiona ni kichekesho. Phelister akakaa chini kwenye maji ya samaki. Chuma kile alikijua. Ondiek aliwahi kugongwa na boda Kamwokya, madaktari wakamuunga mfupa kwa bamba, na kidonda kilipokataa kufunga, bamba likichungulia, ni yeye aliyekiosha kila asubuhi.

Alienda kuomba kwa adabu. Wakamwambia zawadi ikishapokelewa haitolewi. Siku ya pili akaenda na panga.

Alianza na kioo, akamgeukia mamba. Alimkata taya, akamkata shingo, akampasua tumbo mpaka pamba ikajaa ukumbini na wanafunzi wakakimbia. Askari wa zamu, Opoka, mwanajeshi wa zamani kutoka kaskazini, alimpiga rungu mkono ukavunjika. Phelister akahamishia panga kushoto, akamchana bega.

“Mama, wacha panga. Nitakuua.”

“Ua tu. Mguu hii ni ya bwana yangu.”

Opoka akautazama mfupa. Kwao, maiti aliyeachwa porini bila kuzikwa huwarudia walio hai na kuwatesa, na yeye mwenyewe alimwacha kaka yake huko vitani. Akatupa rungu. Akavua sweta yake iliyolowa damu, akaufunga mfupa, akaupachika kwapani mwa Phelister, upande wa mkono mzima.

“Kwenda, mama. Kwenda mbio.”

Polisi walipokuja aliwaambia amekatwa na kioo.

Nilimsindikiza Yimbo kwa kuwa mkono mmoja haubebi mfuko na mfupa. Obonyo alitukuta langoni na fimbo. Alisema Ondiek alishazikwa, na mtu akizikwa mara mbili anaita mwingine kaburini. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, kwa hiyo jino lililotoka ni langu.

Kelele zikamtoa nje mama yake Ondiek. Aliifungua sweta, akakipapasa chuma. Nilidhani atashukuru. Alimpiga Phelister usoni kwa mikono yote miwili.

“Lile lilikuwa tunda, Nyar Alego,” alisema, akimwita mkwewe kwa jina la kwao, binti wa Alego. “Nilijua si mtoto wangu. Nilikuwa namngoja. Nani alikutuma umlete hivi?”

Phelister, yule Phelister, hakuinua mkono. Alipigwa mpaka mama mkwe akachoka, kisha wakaanguka pamoja juu ya ule mfupa, na hapo ndipo alipomlilia mumewe. Obonyo aliweka fimbo chini, akaenda kutafuta jembe.