Kisu Nilichokitia Meno

Mtu akisoma daftari hili atauliza jambo moja kabla ya yote: kwa nini hukununua plaizi? Mke wangu ameniuliza, na kaka yangu wa Itiryo ameniuliza kwa simu. Ni swali la haki, basi nianze nalo.

Huku kwetu Issenye, karibu na mpaka wa hifadhi, mchungaji akikutwa na kisu kiunoni hakuna anayeshangaa. Asiye na kisu ndiye wa kushangaza. Lakini ukikutwa porini na plaizi mfukoni, umeshajieleza. Plaizi ndiyo inayokaza nyaya, vile vitanzi vya waya wanavyotegewa nyumbu. Nilimwona mtu wa kijiji chetu akipandishwa gari la askari kwa ajili ya plaizi, naye alikuwa anatengeneza baiskeli. Sisemi askari walikosea, maana wengi wanaotembea na plaizi huko kweli wanatega. Nasema tu kwamba niliogopa.

Na sababu ya kutaka kukata waya ni kwamba mwaka uliotangulia mtamba wangu alinaswa shingoni, nami nilikuwa na panga tu. Panga likipiga waya linaruka. Alikufa nikiwa namtazama. Nilibaki na maksai wawili wa kulimia, na hao ndio shamba letu lote, kwa sababu maksai mmoja havuti plau. Nikaamua nitafute kisu kimoja cha kukaa kiunoni mchana kutwa, kikate kamba, kichune, kichongoe mti, na siku ya shida kikate na waya.

Nilikwenda Mugumu nikazunguka sokoni nusu siku. Mchuuzi mmoja alikuwa ametandaza turubai, juu yake kisu cheusi alichokiita cha makomandoo. Mgongoni kina meno kama msumeno. Mpini uko wazi ndani kama bomba, na ukifungua kifuniko chake unakuta ndoana, njiti za kiberiti na dira ndogo. Aliniambia nikipotea porini dira hiyo itanirudisha nyumbani. Nikaigeuzageuza. Kila nilikoielekeza, mshale wake uligeukia tumboni kwa mchuuzi.

"Basi nyumbani ni kwako," nikamwambia.

"Karibu, mzee, ugali upo," alisema, na akacheka kuliko waliokuwa wanatusikiliza.

Nilishika bapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine nikapinda kidogo. Kilicheza. Chuma kiliishia shingoni mwa mpini na kilishikwa na nati moja. Kisu cha hivyo kinakata kamba na nyama vizuri, ila ukikitilia nguvu za bega unabaki na mpini. Mchuuzi hakunificha hilo. Aliniuliza tu kama kwa bei ile nilitaka kidumu mpaka siku ya ufufuo. Lakini yale meno yaliniingia moyoni, siwezi kukana.

Nyuma ya soko kuna fundi mhunzi, mzee wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Yeye hufua visu kwa springi za magari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi, kisha akanitolea visu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kirefu, chema kwa kufyeka lakini kiunoni kingekuwa kinanigonga paja. Cha pili kilikuwa chembamba, cha kuchunia. Cha tatu kilikuwa na bapa la kiganja na nusu na mgongo mnene, na mkia wa chuma ulipita katikati ya mpini mpaka ukatokea nyuma, umefungwa kwa ribiti tatu. Alikigonga kwenye chuma chake cha kufulia, kikalia sauti moja safi. Akakichoma ubaoni, akakipinda, akakiachia, kikarudi kimenyooka. Hapo nilijua ni hicho.

Nikamwomba anitilie meno mgongoni, ya kukatia waya.

"Waya gani?" aliuliza.

Watu walikuwa karibu. Nikasema wa uzio. Huo ulikuwa uongo, na ni wangu. Labda ningemwambia kweli angenishauri kitu kingine. Aliniambia waya haukatwi kwa meno, unakatwa kwa taya, na kwamba chuma cha springi ukikikata meno umekifungulia ufa, kila jino na ufa wake. "Ukitaka, tia mwenyewe," alisema. "Ila usiseme kimetoka kwangu."

Nilirudi nacho nyumbani na kwa wiki moja nilikirekebisha. Mengine niliyoyafanya nadhani yalikuwa mazuri. Mpini ulikuwa unateleza mkono ukiwa na jasho, nikauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauvuta mpaka ukabana kama ngozi. Nilitoboa tundu nyuma nikapitisha kamba ya kuvaa mkononi. Ncha ilikuwa kali mno kwa mtu anayeinama na kuchuchumaa, nikaisaga kwenye jiwe ikawa butu kidogo. Ala niliishona kwa ngozi ya yule mtamba.

Kisha nikaazima tupa ya pembe tatu.

"Baba watoto, mzee wa watu amekataa," mke wangu alisema. "Wewe ufundi umesomea wapi?"

Nilimjibu kwamba cha makomandoo kina meno na hakijavunjika. Akasema hata mimi sikukiona kikifanya kazi, nilikiona kimelala. Nilimsikia, nikaendelea kupiga tupa. Siku mbili, meno manane, karibu na mpini ambako mkono una nguvu. Nikakijaribu kwenye waya uliofunga nguzo za banda la kuku. Ulikatika. Niliita nyumba nzima waje kuona.

Lakini ule ni waya laini wa kufungia nondo. Nyaya za porini hutolewa kwenye matairi yaliyochomwa moto, nyuzi za chuma zilizosokotwa. Nilijua tofauti hiyo. Sikuwa na kipande cha kujaribia, basi. Jirani yangu wa upande wa mtoni anatega, hakuna asiyejua. Kimoro, nyama ya porini iliyokaushwa, imetoka kwake ikaingia jikoni kwangu mara nyingi, nimeila na watoto wameila. Ningeweza kumwomba kipande cha waya. Lakini kumwomba ni kumwambia kwamba najua, na kati yetu tulikuwa tumezoea kula bila kujua.

Mvua zilipoanza tulikuwa tumechelewa tayari. Siku ya tatu nililima asubuhi, nikawafungua maksai wapumzike wale majani. Sikuchukua panga, maana nilikuwa na kisu. Nilisinzia kidogo, sijui kiasi gani, na hilo nalo liandikwe. Nilipofumbua macho maksai wa kulia alikuwa palepale, wa kushoto hayupo.

Nilimkuta korongoni kwenye migunga. Amenaswa mguu wa mbele, juu kidogo ya kwato, na waya umefungwa kwenye shina la mgunga nene kama paja langu. Alikuwa amevuta mpaka kitanzi kimezama nyamani. Aliponiona aliacha kuvuta. Akasimama akinitazama kama anavyonitazama nikileta nira.

Nilianza na meno. Yalikwaruza uzi mmoja wa waya, labda mbili, kisha yakateleza. Nikarudia palepale. Baada ya muda niliyapapasa kwa kidole, yalikuwa yamelala. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye kwato na nzi wameshafika. Nikafikiri nikiingiza bapa kati ya waya na mti nikabandua, fundo litalegea. Niliingiza, nikaegemea kwa bega. Kilikatika kwenye jino la tatu kutoka mpinini, kwa mlio mdogo tu. Bapa likaanguka majanini. Mkononi nikabaki na mpini na kipande cha vidole viwili.

Nilikaa chini. Sijui kwa nini nakumbuka kwamba nilitafuta kwanza lile bapa, nikalipangusa tope, kana kwamba lingeunganika.

Kisha nikaona kwamba kama waya haukatiki, mti unakatika. Nikianza kuchimba ubao chini ya waya, shina litapungua na kitanzi kitapata nafasi. Nikaanza na kile kipande. Ganda lilitoka upesi, mti wenyewe haukutaka. Mgunga ni mgumu na kile kipande hakikuwa na uzito wa kupigia, kwa hiyo nilikuwa nakwangua tu, na kila maksai alipotingishika waya ulirudi kukaza palepale nilipokwangua. Nilimsemesha kwa Kikurya, maneno ya kumtulizia shambani. Jua lilivuka kichwa. Kiganja kilichubuka mpaka mpira wa mpini ukawa unateleza kwa damu, yangu au yake. Maksai akapiga magoti, kisha akalala, na alipolala uzito wake wote ukavuta ule mguu. Nilipiga kelele za kuita watu. Nikajaribu kumwinua kwa mkia, akakataa. Nikarudi kukwangua.

Jirani alitokea juu ya korongo. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani, na sitaki kumwongezea. Alisema pole. Akashuka, akamtazama maksai, akatazama waya, akauliza, eti ni watu gani hawa wanaotega mpaka huku kwenye malisho. Nikajibu kwamba sijui. Akasema atakimbia nyumbani alete panga. Nyumbani kwake na kurudi ni mwendo wa saa nzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti na haukutoka.

Nikaacha kukwangua. "Mura," nikamwambia, kama Wakurya tunavyoitana wanaume, "kata kwanza. Mimi sijaona kitu."

Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta njia. Halafu akaitoa plaizi, akapiga magoti matopeni, akakata waya mara moja tu, kama anayekata uzi wa shati. Akaushika mguu, akatoa kitanzi nyamani taratibu, kwa ustadi kuliko ambavyo ningefanya mimi. Ule waya aliuviringisha akauweka mfukoni.

Maksai alisimama kwa miguu mitatu. Tulifika nyumbani jua likizama.

Bwana mifugo alifika baada ya siku mbili kwa sababu ya tope, si kwa uzembe. Alisafisha kidonda, akapiga sindano, akarudi tena akapiga nyingine. Alisema mshipa wa nyuma ya mguu umekatika nusu, tuombe. Mke wangu alimkanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Siku ya tisa mguu ulikuwa mweusi mpaka gotini na alikuwa hali tena. Bwana mifugo akasema tumpumzishe, na kwa sababu ya sindano zile nyama isiliwe, ifukiwe.

Watu walikuja na mabeseni. Ni haki yao, ng'ombe akianguka kijijini watu hula. Mzee mmoja alinisihi sana. Alisema yeye ana maumivu ya mgongo miaka mingi, labda sindano ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa inamfaa. Tulicheka, kisha nikasema hapana, na wakaondoka na mabeseni yao. Wapo ambao hawajaniamkia mpaka leo. Siwalaumu sana.

Shimo la ng'ombe ni kubwa. Nilikuwa nimefika magotini jirani alipokuja na jembe lake, akashuka ndani bila kuuliza, akaanza upande wa pili. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ile tuliyokuwa tunaingoja, na udongo ulikuwa laini kabisa. Tulichimba mpaka mchana. Nilingoja aseme kitu. Nadhani naye alikuwa ananingoja. Mimi ningeanzia wapi, na kimoro chake nimekula? Tulipomaliza kufukia aliegemea mpini wa jembe.

"Nina maksai mmoja," alisema. "Kesho namleta, tumfunge na wako."

"Amezoea upande gani?"

"Kulia."

"Na wangu ni wa kulia."

Akapachika jembe begani. "Tujaribu hivyo hivyo."

Alimleta alfajiri. Tulimfunga kushoto, akasukumana na wangu mpaka nira ikapinda. Tukawabadilisha, wangu akaja kushoto, naye akawa anageuka kila hatua kutafuta nafasi yake. Jirani alivuta kamba mbele, mimi nimeshika plau, na plau ilikuwa inaruka juu na kuzama, juu na kuzama. Mpaka jua lilipopanda tulikuwa na mtaro mmoja, umepinda kama njia ya mlevi, na maksai wote wawili wanatoa povu. Mke wangu alisimama akautazama ule mtaro. Alichukua jembe la mkono, akaenda upande wa mwisho wa shamba, akaanza kulima.

Jirani akafungua nira, akapangusa uso, akaniuliza kama ndani kuna majembe mengine mawili.

Nikamwambia lipo moja, tutapokezana.