Majibu ya Haraka kutoka Kakuma

Mwalimu Lokol wa Kanamkemer hakuwahi kuwa na darasa lililofeli, na mji mzima wa Lodwar ulilijua hilo. Kwa hiyo mwaka 1997, watu wa misheni walipotafuta mwalimu wa hesabu kwa wanafunzi kumi na wawili wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, walimpelekea yeye redio ya kaseti.

Alirekodi somo, akauliza swali, akanyamaza. Kaseti ikapanda basi. Kule darasa liliisikiliza huku redio ya pili ikinasa yote, swali lake na jibu lao. Iliporudi, Lokol alivaa miwani na kupima kwa saa yake ya mkononi kimya kilichokuwa katikati. Kirefu, hawajaelewa; kifupi, wameelewa. Mwezi wa tisa kilikuwa sekunde nane. Mwezi wa kumi, mbili. Akaiandikia misheni kwamba wako tayari kwa mtihani wa darasa la nane.

Zikiwa zimebaki siku nne, ilifika kaseti ya mwisho. Safari hii, baada ya swali lake, kulikuwa na mtu aliyesahau kuzima redio ya pili, nayo ikaendelea kunasa.

"Simamisha zote mbili, tukariri," alisema Aluel, kiranja. "Mimi nikigonga meza, nyinyi yote jibu mara moja."

"Lakini dada, tukigawanya sehemu, kwa nini ile ya pili tunageuza juu chini?" Huyo alikuwa Nyachuol.

"Wewe hata siku ya hukumu utauliza Mungu swali!" Wakacheka. "Mwalimu akisikia tumekawia, atasikia vibaya. Yule ni mzee wetu. Tusimwaibishe."

Meza ikagongwa. Wakajibu kwa pamoja, sawasawa kabisa.

Usiku huo Lokol alirekodi somo lote upya hadi sauti ikamkauka. Asubuhi akaipeleka kaseti kituo cha basi.

"Mwalimu, laga imefurika, ule mto wa njiani," kondakta alisema. "Jana imebeba lori. Labda wiki ijayo."

"Mtihani ni Jumanne."

"Basi waombee, mzee."

Alirudi nyumbani na kaseti yake mfukoni. Mezani ilimngoja barua ya pongezi kutoka misheni. Akaisukuma kando, akaicheza tena kaseti ya wanafunzi mpaka kwenye swali la Nyachuol, akaisimamisha hapo. Kisha akamweleza polepole, kwa sauti, kwa nini sehemu ya pili hugeuzwa.

"Umeelewa, binti yangu?"

Akatazama saa yake.