Mwiko wa Kusikiliza Injini

Mwaka ule tulipomzika baba nilikuwa na miaka tisa, na taabu ilianza hapo. Pikapu yake kuukuu ndiyo ilitulisha, kwa kubeba mahindi ya watu kutoka Tongaren hadi Kitale. Sasa ilikuwa inalia vibaya.

“Injini imekufa, shemeji,” baba mdogo akamwambia mama. “Tuiuze kama vyuma.”

Mama akaingia jikoni, akatoka na mwiko. Alikuwa amemwona baba akisikiliza injini kwa bisibisi, mpini sikioni.

“Ati mwiko? Unapikia gari ugali?”

“Nyamaza, tusikie.”

Akanipa mimi huo mwiko, kwa sababu masikio yangu yalikuwa mapya. Nikaweka mpini sikioni, ncha nikaihamisha polepole juu ya injini iliyowashwa. Injini yenyewe ilinguruma sawa. Nilipogusa pampu ya maji, mkwaruzo ukanijaa kichwani, kama kinu kinasaga mawe.

“Ni hapa, mama!”

Tukabadilisha pampu peke yake. Wiki hiyo pikapu ilifika Kitale na mahindi.

Shule sikurudi, nikabaki na kazi ya pikapu. Leo nina lori mbili, kinu cha kusaga mahindi ya posho Kimilili, nyumba ya mawe na ng’ombe. Nina pia huo mwiko, bado unanuka oili. Jana mke wa kijana wangu aliuchukua asongee ugali. Nikamnyang’anya.