Paneli Nane na Zamu ya Ijumaa

"Zamu yako ni saa kumi na moja, Veikko! Sasa hivi ni kasoro dakika nane, na ushamwaga maji kwenye mawe ya jiko!" Orvokki anafoka.

"Mzee wa miaka sabini na mmoja asubiri nje na taulo kwa ajili ya magazeti?" Veikko Rautio anajibu. "Mle ndani giza. Nilidhani ni mbao mpya, nikazikalia."

"Naona. Makalio yako yameacha alama."

Wamesimama mlangoni mwa sauna ya pamoja, chumba cha kuogea mvuke, chini ya jengo lao mjini Kouvola. Ndani mvuke umetanda, na paneli nane za karatasi zimevimba na kupinda.

Orvokki Niskala, 58, alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi kwa miaka thelathini, hadi kilipofungwa. Sasa hutengeneza paneli za kuta jikoni kwake. Huloweka magazeti siku mbili, huyasaga kwa drili yenye fimbo ya kukorogea, huongeza gundi ya wanga na dawa ya kuzuia moto, kisha hukandamiza rojo hilo kwa jeki ya gari. Paneli moja humeza kilo sita za magazeti. Majirani humwachia mlangoni.

Tatizo ni kukausha. Ndiyo maana huzilaza saunani baada ya zamu za Alhamisi, jiko la mawe likiwa bado na joto, na huziondoa Ijumaa kabla ya zamu ya Veikko.

Ameshamaliza arobaini. Hizi nane ni za ukuta wa kaskazini wa kibanda chake kando ya ziwa, anakotaka kuhamia. Fundi anakuja Jumatatu. Baada ya hapo hana nafasi hadi Mei.

"Ukuta wazi mpaka Mei, na theluji hii?" Orvokki anasema. "Basi sihami."

Veikko anainama. Ukingoni mwa paneli moja kuna kipande cha gazeti ambacho hakikusagika.

"Hili fumbo la maneno ni langu. Mwandiko wangu huu."

"Na jibu umekosea."

Veikko anajikuna shingo. "Zitanyooka?"

"Zikikandamizwa sasa hivi, na jiko likiwaka hadi kesho. Bila tone la maji."

Zamu hii ya Ijumaa Veikko ameishika miaka kumi na tisa. Hakuiacha hata siku aliyomzika kaka yake.

Anachukua penseli inayoning'inia kwenye orodha ya zamu, anakata jina lake, anaandika: Magazeti. Anabeba ndoo, anamwaga maji yote nje kwenye theluji, anarudi na taulo lake kiunoni.

"Haya, shika upande huo."