Boliti za giaboksi zilizokazwa na ukoo mzima, hadi mama mkwe akatoa mizani yake ya samaki

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawasalimu.

Nimeuona ule ubishi wa juzi kuhusu torque wrench, ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Kuna kijana kaandika kwamba fundi anayetumia hiyo kitu hajiamini, yeye mkono wake unatosha.

Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia simu. Akasema, "Wasimulie."

Basi nasimulia, na yeye kakaa hapa pembeni. Nikitia chumvi atanikata, kwa hiyo mtakachosoma ni kilichotokea.

Haya ni ya miaka ya ruksa. Watu binafsi wameanza kununua kahawa, mitumba imejaa Mbinga mjini, na magari ya umma yaliyochoka yanauzwa mnadani.

Mimi nilipata pikapu moja ya Kijapani. Dalali akaniambia injini nzima. Nikamuuliza, nzima kwa maana haijafa, au nzima kwa maana ipo yote? Akasema vyote viwili. Nikaizunguka mara mbili, nikahesabu matairi mara mbili, nikashusha bei kwa kila kioo nilichokikosa.

Kazi yangu ilikuwa ya kupanda na kushuka. Maguu na Namswea napakia maharage, nashuka nayo ziwani. Kule napakia usipa wakavu, wale samaki wadogo wa Nyasa, napandisha nao milimani.

Pale Lundo, ziwani, ndipo nilipompata Gaudensia. Kusema kweli nilianza kumpata mama yake.

Mama Gaude alikuwa mfanyabiashara wa samaki pale ufukweni. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya springi yenye ndoano chini na mshale usoni. Nimebishana bei na watu wengi maishani, lakini huyo ndiye pekee aliyeniuzia kwa bei yake halafu mimi ndiye niliyeshukuru.

Ukimwambia "mama, ongeza kidogo," anakutazama kana kwamba umetukana.

Basi mambo yakaenda, barua ikapelekwa, mahari ikajadiliwa (hapo sitaki kupakumbuka, nilipigwa vibaya), ndoa ikapangwa Jumamosi kanisani Mbinga. Gaudensia akapanda mapema kwenda kukaa kwa mama yake mdogo pale mjini, amalizie mafundisho ya ndoa.

Tatizo likawa mama.

Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu alipoteleza kwenye mawe. Na usafiri wa kupanda milimani enzi hizo ulikuwa malori tu, abiria juu ya magunia.

Mama akasema wazi: "Nimezaa huyu mmoja. Nikipata kiti nitakuja. Kupanda juu ya magunia siwezi, na kubebwa kama gunia sitaki."

Na Gaudensia naye akaniambia kwa upole wake ule wa hatari: "Mama asipokuwepo kanisani mimi siingii. Utaoa peke yako."

Kwa hiyo pikapu ikawa ndiyo ndoa. Ikifika Lundo na kurudi na mama kwenye kiti cha mbele, nina mke. Isiporudi, sina.

Na klachi ilikuwa imekwisha.

Nikaipeleka kwa Fundi Kanuti, Mbinga mjini. Akashusha giaboksi, akabadilisha klachi, akapandisha. Kwenye kukaza akatoa spana ndefu ya kupimia, yenye mshale, aliyoazima kwenye karakana ya misheni.

Anakaza boliti moja, anahamia ya upande wa pili, anarudi. Mzunguko wa kwanza nusu nguvu, wa pili nguvu kamili.

Nikamuuliza kipimo. Akasema, "Hizi kitabu kinasema kilo nne na nusu kwa mita. Hapo basi. Asiguse mtu."

Kipimo kikaingia kichwani, maana kilo huwa zinaingia zenyewe.

Nikaenda na gari nyumbani Maguu, nikaliegesha uani. Mimi nikaondoka kwa miguu kwenda kubishana na mtu kuhusu mchele wa sherehe. Nyumbani nikaacha ukoo umekusanyika kwa ngokela.

Kwa wasiojua, ngokela ni sisi Wamatengo kusaidiana kazi. Unaita watu shambani kwako, wanakuja wote, baadaye mnakula na kunywa. Na mtu wa kwetu hawezi kula chakula cha kazi ambayo mkono wake haujaigusa. Hata kama kazi imeisha, atatafuta pa kugusa.

Sasa siku hiyo kazi zilikuwa kuni, maji, na kutengeneza banda la sherehe. Zikaisha mapema. Watu wamebaki, chakula hakijaiva, na gari la bwana harusi limesimama pale.

Mnaona tunakoelekea.

Alhamisi nikashuka ziwani na baba mdogo Ditriki, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu. Mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Njia nzima anaisifu giaboksi: "Imetulia! Unasikia ilivyotulia?"

Kwenye zile kona za kuteremkia Nyasa nikasikia *kong'*.

Baba mdogo akasema, "Jiwe."

Kona ya pili, *kong'*. "Jiwe lingine," akasema, ila sauti imepungua.

Tulipofika ufukweni mkono wa gia ulikuwa unatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na gia ya kwanza inaingia kwa kuombwa. Tukaingia uani kwa mama Gaude tukinguruma.

Asubuhi ya Ijumaa nikaingia chini ya gari. Boliti tatu hazina vichwa. Ya nne shingo imekonda, imevutika kama pipi ya mpira. Giaboksi inaning'inia kwa chache zilizobaki.

Nikatoka nimepauka. Baba mdogo akainama, akachungulia, akashika kichwa.

"Haiwezekani! Hii ya kulia nimeikaza mwenyewe!"

Nikamwuliza taratibu, "Umeikaza lini, baba?"

"Jumatano. Pale nyumbani."

"Fundi alisema isiguswe."

"Sikuigusa sana. Nilizungusha kidogo tu. Barabara hii unaijua wewe. Na kabla yangu alipita mjomba wako Hilari, naye kidogo tu. Na shemeji yako wa Namswea, yule mnene, yeye alitia bomba la maji kwenye spana ili afike vizuri. Na babu."

"Babu?!"

"Babu aliomba tumshikie mkono. Alisema hawezi kula pilau ya mjukuu bure."

Wakuu, nilitaka kukasirika nikashindwa. Utamkasirikiaje babu wa umri ule aliyeingizwa chini ya gari akiwa amelala kwenye mkeka, azungushe spana kwa ajili yako?

Mama Gaude alikuwa amekaa kwenye kigoda anasikiliza yote. Akauliza, "Kwa hiyo gari haliendi?"

Nikamweleza yote, tangu ile kong' ya njiani ambayo baba mdogo aliiita jiwe. Nati na boliti zina kiasi. Ukizidisha, chuma kinavutika, na kikishavutika hakishiki tena. Njia ikikitikisa kinakatika. Nikamwambia Fundi Kanuti yuko Mbinga, spana ya kupimia iko Mbinga, na mimi niko Lundo.

Akainuka kwenye kigoda. Halafu akasema jambo lililoniuma: "Basi nendeni nyie. Mwambieni mwanangu mama yake anamwombea."

Akaingia ndani. Niliona gauni lake la harusi ya mwanawe limetundikwa ukutani, limeshanyooshwa kwa pasi.

Nikasema moyoni, haiwezekani. Tuanze na boliti.

Jirani kulikuwa na mwenye mashine ya kusaga. Nikamwomba boliti nne. Akakataa, nikabembeleza, akaanza kulegea. Tukabishana mpaka jua likapanda.

Mwisho akatoa sharti: boliti zake zikienda harusini, na yeye anaenda. Tukashikana mikono. Akazifungua kwenye mashine pale pale, kina mama wamepanga foleni na mahindi yao wanamtukana kwa Kinyasa.

Vile vipande vilivyobaki ndani, kwa kuwa vichwa vilishakatika, vilitoka kwa koleo bila ubishi. Boliti mpya nikazijaribu kwanza kwa vidole. Zikaingia zote.

Sasa kukaza. Baba mdogo keshashika bomba la maji, sijui kalitoa wapi.

"Baba, weka chini hilo bomba."

"Nakusaidia tu, mwanangu."

"Ndiyo maana nasema weka chini."

Nikakaa nikafikiri. Kilo nne na nusu kwa mita. Kilo. Kwa mita. Mimi nimeishi kwa kilo maisha yangu yote! Maana yake ni mkono wa mita moja ukivutwa kwa uzito wa kilo nne na nusu. Mkono ukiwa nusu mita, uzito unakuwa mara mbili, kilo tisa.

Nikapiga hesabu mara mbili. Tisa. Nikaenda mlangoni.

"Mama, hodi. Naomba mizani."

"Ya nini?"

"Ya kukupeleka harusini."

Akatoka nayo, kaikumbatia. "Mizani yangu haishikwi na mtu. Sema unachotaka kupima, nipime mimi."

Hapo kukawa na jambo la adabu. Mkwe kulala chali mbele ya mama mkwe, miguu nje, haikubaliki. Tukatundika mkeka ubavuni mwa gari. Mimi chini ya gari upande wa ndani, mama kwenye kigoda upande wa nje, na kamba ya wavu ikapita chini ya mkeka. Ncha moja nimeifunga kwenye spana ndefu, nusu mita kamili kwa rula kutoka kwenye boliti, spana imesimama wima. Ncha nyingine kwenye ndoano ya mizani.

"Vuta taratibu mama, kamba ilale sawa."

"Navuta. Sita. Saba. Nane..." Boliti inazunguka kidogo kidogo. "Tisa. Nimeacha."

"Tuhamie ya upande wa pili."

Zote nilizilegeza kwanza, hata zile za zamani, tukaanza upya. Za juu tulizifikia kwa ndani baada ya kung'oa mfuniko wa mkono wa gia. Mzunguko wa kwanza kilo tano, wa pili kilo tisa, kwa kuruka upande hadi upande kama fundi alivyofanya.

Baba mdogo kaona mambo yanakwenda, moyo ukamshinda, akamwambia mama: "Mkwe, ongeza hata nusu kilo. Milima ile unaisikia tu, hujaiona."

Mama akajibu bila kugeuka: "Mkwe, ukija kwangu kununua samaki wa kilo tisa, nikakuandikia tisa na nusu, utanyamaza?"

"Nitapiga kelele."

"Basi na chuma nacho kilipiga kelele. Ukasema ni jiwe."

Mwenye mashine ya kusaga alicheka mpaka akakaa chini. Baba mdogo mwenyewe akacheka, akaenda kurudisha bomba la watu.

Nilipotoka nikawasha. Gia ya kwanza ikaingia kama kisu kwenye siagi. Mkono umetulia.

Nikamwambia mama, "Gari tayari. Unaliamini?"

Akasema, "Wewe sikuamini hata kidogo. Ila boliti nimezipima mwenyewe." Akaenda kuvaa.

Tulipanda mchana ule. Mama kiti cha mbele, mguu mbovu umewekewa mto. Nyuma baba mdogo, mwenye mashine, na kuku wawili wa zawadi.

Kwenye kona kali mama alikuwa anaangalia ziwa linavyobaki chini. Alilizoea akiwa pembeni yake. Hakuwahi kuliona lote kwa mara moja. Aliponigeukia akasema, "Kumbe lina mwisho."

Jioni mapema tukafika kwa mama mdogo. Gaudensia alikuwa barazani anasukwa, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Akaona pikapu. Akaona nani amekaa mbele.

Alikuja mbio na kitana kinaning'inia kwenye nywele, akafungua mlango kabla sijazima injini, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi na kuweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

Mama akawa anampapasa ule upande ambao haujasukwa. Mwisho akamwambia, "Inuka wakumalizie. Kesho una safari."

Wakuu, hiyo ndiyo habari.

Nilichojifunza kiko hivi. Ukoo wangu haukuwa na nia mbaya. Kila mmoja alizungusha kidogo tu kwa kunipenda. Shida ni kwamba mapenzi ya watu wote wale yaliishia kwenye boliti zile zile, na boliti haijui nani anampenda nani, inajua uzito tu.

Kwa hiyo vijana, tafuteni kipimo cha gari lenu kwenye kitabu chake, hicho changu msikinakili, magari hayafanani. Safisha nyuzi za boliti, kaza kwa mizunguko, ruka upande hadi upande, ukifika acha. Kama huna spana ya kupimia na uko mbali, mizani ya springi na rula vitakuvusha mpaka kwa fundi. Zangu Fundi Kanuti alizirudia zote wiki iliyofuata na spana yake, akakuta ziko sawa, akaniuliza nilipeleka gari kwa nani. Nikamwambia kwa mama mkwe. Hakuniamini.

Mafundi karibuni mnisahihishe panapostahili. Na wengine, hebu semeni: kwenu ni nani aliyewahi kuwaharibia kitu kwa kuwasaidia, na mlimwambiaje bila kumuumiza? Mimi babu sikuwahi kumwambia. Alikula pilau yake kwa amani, akasema gari limefika salama kwa sababu alilikaza.