Miguu ya Nguruwe Kijijini

Kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yetu ilikuwa peke yake porini, upande wa Usoke, na hakuna aliyejua tunapika nini. Kijijini nyumba zilipangwa mstari mmoja. Moshi wetu uliingia moja kwa moja kwa jirani, mama Mwislamu aliyetoka Tabora mjini na binti yake mjamzito.

Baba alifuga nguruwe, na kuku wa mama walidonoa bandani mwao. Nyama nzuri iliuzwa stesheni. Sisi tulibakiwa na kichwa na miguu. Mama alivipikia chungu kimoja tu, alichokifunga kitambaa chekundu shingoni. Hata jirani alikijua kitambaa kile, ndiyo maana alikubali kula maharage yetu.

Siku ile mama alikuwa shamba la kijiji. Nilikifungua kitambaa kisiungue, nikababua miguu kwenye makaa, nikakwangua ngozi kwa kisu. Nilimwaga maji ya kwanza, nikachemsha tena kwa chumvi na ukwaju mpaka supu ikaanza kunata. Jirani akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unapika nini?"

"Miguu."

"Ya ng'ombe?"

Niliona haya kumtaja mnyama yule mbele yake. Nikasema, "Ndiyo."

Alinitazama, akatazama chungu, akaondoka. Nikadhani yamekwisha. Kumbe alifuata bakuli.

"Binti yangu kajifungua alfajiri. Nitilie supu ya makongoro, apate maziwa."

Nilishika upawa, nikauweka tena chini. Nilimwona akilini yule mzazi akinywa kwa sababu ya uongo wangu.

"Mama, ni nguruwe."

Alirudisha bakuli kifuani.

"Na maharage ya juzi?"

"Yalipikwa chungu kingine. Hiki ndicho cha kitambaa, nimekifungua tu."

"Ng'ombe wako kageuka nguruwe nikienda kuchukua bakuli. Sasa niamini kitambaa?"

Maharage yetu hakuyala tena.

Mama aliporudi na kusikia, hakunipiga. Alikamata tetea wake mmoja, akanikabidhi. "Mpeleke mwenyewe. Akiwa hai, wamchinje wao."

Nilisimama mlangoni kwa jirani muda mrefu kabla ya kupiga hodi. Alimpokea yule kuku bila kunitazama, akamgeuza kichwa chini, akamnusa miguu.

"Huyu anakula wapi?" akauliza.