Kidole cha Antena

Mtaa mzima ulimwita Antena, naye jina hilo hakulikataa. Alilipata ujanani, enzi televisheni moja ilipotazamwa na nyumba saba, yeye akiwa juu ya bati anazungusha bomba la antena huku watu wakimpigia kelele kutoka sebuleni: "Hapo hapo! Aa, umeipoteza! Rudisha kidogo!" Sasa alikuwa na miaka sitini na moja, jozi mbili za miwani shingoni, moja ya kuonea watu na moja ya kuonea nyaya, na kibanda cha kutengeneza redio, simu na kompyuta kilichopakana ukuta na cha kinyozi. Hakikutoka kifaa kipya duniani asiwe na la kusema juu yake.

Na alisema. Pasi ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya mkononi, moshi mwembamba ukimpanda puani, alitoa hukumu bila kuinua kichwa. Simu za siku hizi zimekonda mpaka hazina pa kuweka akili. Wanasayansi wangeachiwa nchi miaka miwili tu, bila wanasiasa kuwavuta shati, kila bomba lingetoa maji. Bunge lingefungwa, mahali pake ikawekwa mashine moja ya kukusanya maoni ya wananchi kila Ijumaa.

"Na msibani atahutubia nani?" kinyozi alimuuliza siku moja kupitia dirishani, mkasi ukilia juu ya kichwa cha mteja.

"Ndiyo raha yake, haihutubii! Wewe kinyozi, nikwambie mara ngapi? Mashine haina mjomba. Haina shemeji, haina mtu wa kwao. Ukifika mbele yake, wewe na waziri ni kidole tu."

"Basi mimi simwamini mtu asiye na mjomba."

Mteja alicheka mpaka akakatwa nywele upande. Antena naye alicheka, kwa sababu aliamini wakati uko upande wake.

Mapenzi haya yote ya mashine yaliingia nyumbani kwao ndani ya beseni. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Siku moja mwenye nyumba alitupa redio iliyokufa. Dada akaichukua, akaifunika kwa mashuka mabichi, akaja nayo kichwani. "Hebu izungumzishe, wewe mtoto mchokonozi," alisema. Baada ya siku nne redio ikazungumza. Dada aliendelea kufua, miaka arobaini ya magadi na dawa ya kung'arisha mashuka, na ufuaji huo ndio uliompeleka mdogo wake chuo cha ufundi. Alipoacha kazi, ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Mistari yote aliyozaliwa nayo iliondoka na maji.

Hakuna aliyeligundua hilo mpaka siku ya kuandikisha watu kwenye mashine mpya ya zahanati, inayosoma alama za vidole, miaka mitatu iliyopita.

Zahanati ya mtaa ilikuwa na daftari. Nesi mkuu, mama mnene mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, aliandika humo majina ya wagonjwa wote wa dawa za kila mwezi, na aliwajua kwa sura, kwa sauti, hata kwa kikohozi. Antena ndiye aliyelisema vibaya daftari hilo kwenye mikutano. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wajiandikishe kwenye mashine, na kwa kuwa anajua mashine, yeye ndiye aliyepewa kuisimamia siku ya kuandikisha.

"Tuliache daftari kabatini angalau," nesi alimwomba. "Halili kitu humo."

"Nesi, ukiacha daftari watu watarudi kwenye daftari. Lichomwe."

Akayabeba mwenyewe, madaftari yote sita, hadi kwenye shimo la taka nyuma ya zahanati, akayachoma.

Saa nane mchana ilifika zamu ya dada yake. Dada alikuwa na ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni. Bila dawa ile hakai wiki. Aliweka kidole gumba kwenye kioo. Mashine, kwa sauti ya kike yenye adabu, ikasema: "Tafadhali jaribu tena." Akaweka cha pili, cha tatu, vyote kumi. "Tafadhali jaribu tena." Foleni ilikuwa imepinda kona. Watu walianza kuguna, na mmoja akapaza sauti: "Fundi, mashine yako imelala?"

Hapo ndipo Antena alipofanya jambo alilofanya. Haikumchukua hata muda wa kupiga chafya. Aliushika mkono wa dada yake kama anayemsaidia, akapenyeza gumba lake mwenyewe chini ya lake, akabonyeza. Taa ikawaka kijani. "Asante," ilisema mashine. Nyuma yake watu wakapiga makofi.

"Umefanya nini?" dada alimnong'oneza.

"Nitarekebisha baadaye, Dada. Wasije wakasema mashine haifai."

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Hakuiba, hakumpunja mtu. Lakini alikuwa amewaambia watu kwamba mashine haidanganywi, na wa kwanza kuidanganya akawa yeye, ili neno lake lisimame. Uongo wa namna hii ndio tunaousamehe upesi kuliko wote, kwa sababu unafanywa na watu wema wenye haraka. Na "baadaye" yake ilikuwa kama baadaye zetu sote.

Kwa miaka mitatu walikwenda wawili kila mwanzo wa mwezi. Antena alimshika dada mkono, gumba likapenya, kabati la dawa likafunguka. Nesi aliona. "Antena," alimwambia mara moja bila kumtazama, "kidole cha dada yako kimeota nywele." Kisha akageukia kuhesabu pamba.

Basi mwezi huu redio ikatangaza kwamba kumbukumbu za zahanati zote na maduka yote ya dawa zimeunganishwa, na mashine imeanza kuwatafuta walioandikishwa mara mbili. Antena aliongeza sauti ili kinyozi asikie. "Umesikia? Wezi wa dawa kwisha habari yao! Hiyo ndiyo sayansi. Hakuna kamati, hakuna tume." Aliongea mpaka pasi ikapoa. Gumba lake mwenyewe halikumpitia hata akilini.

Siku tano baadaye aliushika mkono wa dada yake kwenye kioo, na taa ikawaka nyekundu. "Kumbukumbu hii imefungwa," sauti ilisema kwa adabu ileile. "Mtu huyu ameandikishwa mara mbili."

Nesi alisoma kwenye skrini, akavua miwani. "Kidole kimoja, watu wawili. Imekubakiza wewe, kwa kuwa ulijiandikisha asubuhi. Yeye imemfuta."

"Mfungulie tu kabati, nesi. Unamjua."

"Namjua. Namjua hata kwa kikohozi. Kabati halinijui mimi, fundi. Linafunguliwa na mashine." Akashusha sauti. "Akizidiwa mlete, tutampokea kama mgonjwa wa dharura."

"Mpaka azidiwe?"

Nesi akaita mgonjwa mwingine. Walipita maduka matatu ya dawa, na kote waliombwa namba ya usajili, na namba ikawaka nyekundu. Nyumbani dada alifungua friji ndogo ambayo mdogo wake alimfufulia kutoka kwenye vyuma chakavu, akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa na dawa ya siku tisa.

Asubuhi yake walikwenda ofisi ya usajili. Dada alikuwa ameamka mapema kumpigia pasi shati jeupe. "Ukienda kuomba msamaha, nenda umenyooka," alisema.

Karani alikuwa binti mpole, sauti imechoka, feni ndogo ikimpeperushia karatasi. Antena alisimama mbele ya meza akasema kila kitu: vidole, foleni, makofi, gumba. Sijui kama amewahi kusema kweli kwa shida namna ile. Dada alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, akitazama sakafu.

Karani alisikiliza hadi mwisho. "Pole, baba. Sasa hapa nalazimika kuchagua sababu, na mashine imenipa nne tu. Kifo, kuhama, kosa la jina, udanganyifu. Yako ni ipi?"

"Si nimekwambia? Nilidanganya."

"Nikibonyeza udanganyifu, mama anafungiwa miaka miwili. Aliyefutwa ndiye anayehesabiwa mdanganyifu."

"Lakini aliyedanganya ni mimi!"

"Mimi nimekuelewa, baba. Hapa hapana pa kuandika nilivyoelewa."

"Basi mwandikishe upya."

Karani aligeuza kioo kumwelekea dada. Wakajaribu kumi vyote. Karani alimpa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha mafuta ya mgando, kisha akamwambia avipulizie. Tafadhali jaribu tena. Tafadhali jaribu tena.

"Kuna maombi maalumu kwa wasio na alama za vidole," karani alisema. "Yanakwenda makao makuu. Majibu ni siku tisini."

"Ana siku nane."

Binti alitazama mlangoni, akainama. "Kuna njia moja, na sijakwambia mimi. Kama kumbukumbu yako ingefungwa kwa kifo, kidole kingebaki hakina mwenyewe, na ya mama ingefunguka."

Antena hakufikiri hata kidogo. Mtu aliyekuja kukiri uongo mmoja alikuwa tayari kununua wa pili, tena mkubwa zaidi. "Andika. Nimekufa."

"Marehemu haombi mwenyewe, baba. Anaombewa na ndugu wa karibu. Una mke? Watoto?"

"Mke wangu alitangulia. Watoto hatukujaliwa. Nina dada tu." Akaonyesha benchi.

Karani akaandika namba ya dada. Ikawaka nyekundu. "Huyu kwenye mashine hayupo," alisema. "Asiyekuwepo hawezi kuthibitisha."

"Hata angekuwepo asingethibitisha," dada alisema kutoka benchi. Alikuwa amesimama. "Wewe mtoto, acha kumsumbua binti wa watu kwa mambo yako. Unataka akuue kwa kalamu? Sikukulea miaka yote hiyo nije kukuzika huku unapumua."

"Dada, ni karatasi tu."

"Na siku ile kilikuwa kidole tu."

Antena aligeukia meza ya karani. Aliitazama mashine ile ndogo, kioo chake safi, taa yake isiyo na hasira na mtu, na akaitafuta, kama wanavyotafuta wale aliowacheka maisha yake yote, sehemu yenye mjomba. Mtu wa kwao. Mtu yeyote ambaye angemjua dada yake kwa kikohozi. Alikuwepo mmoja, na madaftari yake sita aliyachoma yeye.

Walijaza maombi maalumu. Karani aliyapiga muhuri wa haraka, ingawa aliwaambia waziwazi kwamba muhuri huo makao makuu hawausomi.

Jioni kinyozi alichungulia dirishani. "Antena! Redio inasema wanaleta mashine ya kutibu bila daktari. Wewe unaionaje?"

Antena alikuwa na redio ya mteja wazi mbele yake, pasi haijachomekwa kwenye umeme. "Sijui," alisema.

"Hujui? Wewe?"

"Sijui, ndugu yangu."

Kinyozi alizunguka akaingia, akakaa juu ya kasha la spika.

Tangu siku hiyo ndugu hao wawili wanakwenda ofisini kila asubuhi, kwa sababu karani amewaruhusu kujaribu kabla foleni haijaanza. Dada ameacha kuosha vyombo. Antena ndiye anayeosha, ili maji yasizidi kula vidole vya dada. Nesi alisema ngozi ikipumzika miezi kadhaa, mistari huenda ikarudi. Miezi kadhaa.

Leo zimebaki siku nne. Antena anaushika mkono wa dada yake kwa mikono yake miwili, vidole vyake mwenyewe amevikunja mbali, nyuma, ili visiguse kioo kwa bahati mbaya. Anaanza na gumba la kulia.

"Tafadhali jaribu tena," mashine inasema.

"Ina adabu lakini," dada anasema. "Hata mara moja haijanifokea."

Wanahamia kidole cha pili.